Simu Namba Nne

London, 14 Novemba 1957

Dada yangu mpenzi Muriel,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwako, kwa shemeji na kwa Halifax nzima, kwamba birika la chai la chumba chetu cha simu limepata kifuniko kipya. Rangi haziendani, lakini kinafunika. Natumai goti lako limepoa na shemeji ameacha kupaka ngazi rangi. Mimi mzima, ila moyo una mafua.

Kile kifuniko cha zamani Hilda Prowse, jirani yangu wa meza, alikivunja tarehe tatu Septemba, saa kumi na moja jioni. Ishike saa hiyo.

Kazi yangu waijua: waandishi wa gazeti letu walioko ugenini hupiga simu, husoma habari zao, nami huzipiga taipu neno kwa neno. Kwa miaka kumi na mmoja simu namba nne imekuwa ya Lionel Garside, mwana wa muuza nyama wa Rotherham, ambaye sasa yuko kisiwani Kupro. Nimemwona mara mbili tu, zote akiwa na sanduku mkononi. Mke wa kwanza alichoka kulifunga sanduku hilo. Wa pili alichoka kulifungua. Alinisimulia mwenyewe, tukingoja laini itulie. Mvua ikinyesha huku, alikuwa akiniomba nitoe mkono wa simu dirishani, asikie mabasi ya mtaa wetu wa Fleet Street yakipita majini. Hilda akinicheka: "Shoga, mwanamume mzima unamlisha mvua kwa simu!" Nami humwambia ashughulike na taipu yake.

Tuna desturi moja. Mwandishi akirefusha, tunamuuliza kwa sauti ya kuchoka, "Bado nyingi hizi?" Tumewauliza hivyo hata walioko vitani, mabomu yakisikika nyuma yao. Hawachukii, wasipoulizwa hudhani tunaumwa.

Na kusikiliza kwetu si kusikiliza. Sikio linapokea, vidole vinapiga, akili iko sokoni. Siku ile akili yangu ilikuwa sakafuni, kwenye vipande vya kifuniko, Hilda akiapa kwamba kilijirusha chenyewe. Lionel akasoma habari za huko Nicosia, Kupro, polepole kuliko kawaida yake. Nikamuuliza, "Bado nyingi hizi?" Akasema, "Hapana, Bi Ibbotson. Zimekwisha," akakata.

Asubuhi mhariri akateremsha ukurasa wa mwisho. Aya ya chini ameipiga mstari kwa penseli ya buluu, pembeni kaandika: Si habari. Dada, haya sijamwambia mtu. Aya ile niliipiga mimi, kwa vidole hivi, bila kosa hata moja: "Mwandishi wenu anarudi nyumbani Krismasi. Amechoka na masanduku. Anamwomba anayeandika maneno haya akubali kuolewa naye, na kama ni ndiyo, aseme sasa hivi, laini ikiwa bado nzuri."

Nami nikasema nililosema.

Kesho yake Lionel alipopiga, alitaka Hilda ndiye aandike habari zake. Hilda akaniuliza, "Umemfanya nini mtu wako, mbona sauti kama ya msibani?" Nikamjibu kwamba ni mafua. Tangu Oktoba habari zake zinaingia kwa teleksi, mashine inayojiandikia yenyewe, isiyomuuliza mtu kitu. Barua nimeandika tatu, zote nimezichana. Mtu aliyekwisha kuambiwa vile, utamwanzaje? Na nimwandikie nini, zaidi ya ndiyo? Ilikuwa ndiyo hata kabla hajauliza. Basi nakaa palepale penye namba nne, maana teleksi nazo huharibika, na mvua ya Novemba haijakatika. Ikilia, nitasikiliza.

Nisalimie shemeji, umbusu Mama kwa niaba yangu, na goti usilipe kazi.

Mdogo wako,
Edna

N.B. Nimepita kazini kabla ya kuiposti hii. Simu namba nne wamepewa waandishi wa mbio za farasi.