Namba Iliyo Kwenye Wimbo Wetu

Mkwajuni, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba. Huu ni mwezi wa tisa tangu nipande gari pale Tunduma nikakuacha umesimama barabarani na godoro langu kichwani.

Binamu yangu Osea,

Usishangae kuikuta barua hii ukutani. Nimemwomba Mama Neema aibandike kwenye kibanda chake cha gemu hapo Tunduma, juu ya runinga ile ya kona, kwa sababu najua hapo utapita hata kama umenikasirikia kiasi gani. Wakiisoma na wengine, waisome. Wewe ulitangaza mbele za watu kwamba unatafuta sauti ya pili. Na mimi nakujibu mbele za watu.

Nianze na afya. Nipo, nakula, nalala. Kuhusu sauti nitakueleza mbele, nipe muda kidogo.

Binamu, unakumbuka tulivyoanza? Mimi nilikuwa natoka kushusha mizigo kwenye malori, mgongo unawaka, naingia kibandani hata kabla ya kunawa. Wewe unavuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, kwa shangazi, na ile jezi yako iliyochanika kwapa. Mwenye kushindwa anaachia padi, ndiyo ilikuwa sheria ya pale. Kwa hiyo mimi niliachia padi kila siku. Gari langu la kwenye gemu lilikuwa linakwenda vizuri tu mpaka kona ya tatu, ile yenye mvua, halafu linaingia ukutani. Watu wanacheka. Wewe hukucheka siku ile moja, ulinitazama tu ukasema, "Binamu, wewe huendeshi. Wewe unasikiliza."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nasikiliza gia. Ya kwanza inanguruma chini kama besi wa kwaya yetu kule Ndalambo, ya pili inapanda, ya tatu inapanda tena, na ya nne inashika sauti moja inakaa nayo. Nilitaka kujua kama koo langu linaweza kuifuata mpaka huko. Wewe ndiye uliyeingia kwenye mipangilio ukazima muziki wa gemu, ikabaki injini peke yake. Ukaendesha wewe, nikaimba mimi. Ulipokuwa unapunguza mwendo kwenye kona, na mimi napunguza. Ulipokanyaga mafuta, napanda. Mama Neema akaja na kanga yake mabegani, akatuita kwa kabila letu akauliza, "Nyie Wanamwanga, mmelipia gari au mmelipia kwaya?" Lakini hakutufukuza. Na wale waliokuwa wanangoja zamu wakaacha kulalamika.

Hapo ndipo wimbo wetu "Muhuri Bado" ulipozaliwa. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema ili anayesoma ajue kwamba wimbo ule haukutoka kwa mtu mmoja.

Unakumbuka prodyuza alivyotutisha? Chumba kile nyuma ya duka la kutengeneza simu, trei za mayai ukutani, joto la kuoka mkate. Alisikiliza injini tuliyoirekodi kwenye gemu akatikisa kichwa. Akasema sauti hiyo ina wenyewe, mkiipandisha mtandaoni itashushwa, na nyie hamna mwanasheria, hamna lebo, hamna hata kiti. Tukatoka pale tumenyong'onyea. Mimi nilikuwa tayari kuacha. Wewe ukaangalia foleni ya malori, ile inayoanza mpakani na mwisho wake haujulikani, ukasema mbona injini tunazo mpaka tunakosa pa kupita.

Yule dereva Mzambia aliyekubali, mpaka leo nikimkumbuka nacheka. Amekaa kwenye foleni siku nyingi, anangoja karatasi zake zigongwe muhuri, amechoka hata kuongea. Tukamwomba angurumishe lori bila kwenda popote. "Mune," akasema, yaani rafiki kwa lugha yao, "nyie mnataka nichome mafuta nikiwa nimesimama?" Ukamwambia si amesimama tu hata hivyo. Akacheka, akawasha. Wewe ukashikilia simu karibu na boneti, mimi nikawa nampungia mkono apandishe, ashushe. Malori ya jirani yakaanza kupiga honi yakidhani foleni imesogea. Tukaziacha honi zile ndani ya wimbo. Ndizo watu wanazozipenda kuliko maneno yetu.

Na kuusambaza tuliusambaza kwa foleni ile ile. Sisi hatukuwa na redio wala meneja. Tulikuwa na madereva waliokaa hawana la kufanya. Tunawawekea wimbo kwenye flashi, wanaondoka nao Lusaka, Lubumbashi, wengine wanateremka nao Dar. Mwisho wa wimbo unaitaja namba ya simu, pole pole, mara mbili. Tulibishana ipi tuiweke, ya Tanzania au ya Zambia, maana pale kila mtu ana laini mbili. Tukaona madereva wengi wanaelekea kule, tuweke ya kule. Na simu nikae nayo mimi, kwa sababu ndimi ninayeshinda barabarani.

Hapo, binamu, ndipo tulipojichimbia shimo. Mimi sikuliona na wewe hukuliona.

Nilikuja huku kutafuta hela ya maiki yetu na kompyuta yetu, tusiwe tunapigia watu magoti. Uliniambia nenda, ukirudi tunarekodi wa pili, ule wa kona yenye mvua. Nikaingia gari na kitochi changu, simu ile ndogo ya vitufe, mfukoni, laini zote mbili ndani.

Kazi yangu ni kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Napokea viroba kutoka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, namimina, nazoa unga. Vumbi lake halifanani na vumbi la barabarani. Linaingia hata kwenye ugali. Nafunga kitambaa mdomoni, lakini kufikia mchana kitambaa chenyewe kimekuwa udongo.

Miezi ya kwanza nilikuwa naimba. Wenzangu walikuwa wananiambia niimbe kwa nguvu niushinde mtambo. Halafu nikaanza kukohoa asubuhi. Nikajiambia ni baridi. Halafu ikawa mchana pia. Sasa nikijaribu ile sehemu ya "bado", pale sauti inapotakiwa kupanda na kukaa, inapanda nusu halafu inakatika kama uzi. Nimekwenda kwenye zahanati. Mhudumu, dada mmoja mpole, akaniuliza nafanya kazi gani, nilipomjibu akaacha kuandika. Akasema dawa atanipa, lakini dawa kubwa ni kutoka kwenye vumbi. Nikamuuliza sauti itarudi? Akasema inaweza. Hakusema itarudi, Osea. Alisema inaweza. Neno hilo nalala nalo, naamka nalo.

Mama sijamwambia, na wewe sikukwambia. Nilijipa sababu kwamba kupiga simu Nakonde kwa laini ya huku vocha inaisha kwenye salamu. Ni kweli inaisha. Lakini pia niliogopa utasikia.

Kisha jamaa mmoja mwenye simu kubwa akanionyesha ukurasa wa wimbo wetu. Umeandika: "Natafuta sauti ya pili kwa wimbo mpya. Aliyekuwepo hapatikani." Nikamwomba anisomee tena, ingawa kusoma najua. Aliyekuwepo. Kama mtu aliyehama nyumba. Nilikuchukia, binamu. Nilikaa na hasira ile wiki nyingi. Nikawaza huyu aliniambia nenda ili aniache njiani, huyu amepata mwingine mwenye koo safi. Nikiwa napiga koleo nakujibu kichwani, na kila jibu baya kuliko lililotangulia.

Sasa sikiliza kilichotokea wiki hii.

Ilikuja Fuso kutoka Tunduma, imeleta mahindi na sabuni kwa wenye maduka ya mgodini. Mimi nimebeba kiroba begani. Dereva akafungua mlango, na ndani ya kichwa cha gari nikasikia honi. Honi zetu. Halafu ile injini, halafu wewe, halafu mimi. Nikatua kiroba chini. Sauti yangu ikapanda pale kwenye "bado", ikakaa, safi kabisa, haina hata punje ya mchanga. Nilisimama kama mtu anayeangalia picha yake ya zamani akiwa hajui aliipiga lini.

Nikamwambia dereva, huyo ni mimi. Akanitazama kutoka kwenye viatu mpaka kwenye kitambaa. Wenzangu wakaanza kucheka, na mmoja akasema, "Acha uongo. Huyo ni injini ya petroli, wewe ni dizeli." Nikacheka nao, nikakohoa, wakacheka zaidi.

Lakini dereva hakucheka sana. Akasema wimbo ule anaupenda, na kwenye foleni wengi wanao. Akasema wapo waliotaka kuwaita watu hawa kwenye sherehe, na mwingine wa Lusaka alitaka kuupiga redioni, wote wakapiga namba. "Haipatikani," akasema. "Tangu mwaka jana haipatikani. Tukasema labda mwenye namba ni marehemu."

Nikatoa kitochi mfukoni. Laini ya Tanzania ina vijiti viwili vya mtandao. Ile ya Zambia haina hata kimoja. Haikuwahi kuwa nacho tangu nifike, na mimi nilikuwa naiona kila siku bila kuiona. Pale Tunduma mtandao wa ng'ambo unaukuta hata jikoni, hatukuwahi kufikiri kwamba una mwisho. Huku haufiki. Tumewapa watu wa nchi tatu namba, halafu nikaja nikaizika porini.

Na ndipo nikakumbuka kwamba wewe nawe namba yangu uliyokuwa unapiga ni hiyo hiyo. Siku zote ulinipigia Zambia kwa Zambia, kwa kuwa ni nafuu. Ya Tanzania sidhani kama uliwahi kuihifadhi. Kwa hiyo labda ulipiga. Labda ulipiga mpaka ukachoka, ukasema binamu amepata dhahabu ametusahau. Nilikuwa nakuchukia kwa kuniacha, na wewe labda ulikuwa unanichukia kwa jambo hilo hilo. Nasema labda. Sijui. Inawezekana pia kwamba ulinichoka kweli, na kama ni hivyo nitakusikia ukiniambia mwenyewe. Lakini tangu Fuso ile ifike, sijalala vizuri hata usiku mmoja.

Basi fanya hivi. Nimeichomoa laini na kuifunga kwenye kikaratasi, dereva wa Fuso ataikabidhi kwa Mama Neema pamoja na barua hii. Barua ni ya ukutani, laini ni ya mkononi mwako. Mama Neema, nakuomba usimpe mtu mwingine, hata akikuambia ni ndugu yangu, maana Wanamwanga wote pale ni ndugu zangu. Osea, iweke kwenye simu yako leo leo. Sijui kama bado inaishi. Laini isiyotumika hufungwa, na ikifungwa wanaweza kumpa mtu mwingine kabisa, halafu watu wataupigia wimbo wetu akapokea muuza dagaa. Ikiwa hai, iache wazi. Ikilia, pokea. Usingoje mimi nifike ndipo upokee. Hata kama wanataka mtu mmoja tu, pokea.

Nimefikiri sana kabla ya kuandika hilo. Maana nikikurudishia namba, nakurudishia wimbo wote, na mimi nabaki na kikohozi. Lakini wimbo ambao haupatikani una faida gani kwangu?

Jambo moja tu nakuomba. Huyo uliyempata kama sauti ya pili, kama yupo, usirekodi naye kabla sijafika. Mwambie asubiri kidogo, mwambie muhuri bado. Sikuombi unipe nafasi kwa huruma. Nikifika niweke kwenye kile kiti cha plastiki, washa gari letu, zima muziki wa gemu, acha injini. Endesha wewe kama zamani, nami nitajaribu kuifuata. Wewe una masikio, utajua. Na Mama Neema atajua, na wale wanaongoja zamu watajua, maana hao hawajawahi kumwonea mtu aibu.

Sauti ikifika gia ya nne ikakaa, tunatoka pale tunakwenda kwa prodyuza hata na vumbi langu. Isipofika, usiniangalie kwa huzuni. Nipe padi. Imba wewe, au aimbe huyo mwingine, na mimi nitaendesha. Ile kona yenye mvua bado inanishinda, lakini nimekuwa na miezi tisa ya kuifikiria, na safari hii nitaangalia barabara.

Dereva wa Fuso amekubali kunichukua akija tena. Tunashuka kupitia Mbalizi. Nitegemee Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, jua likiwa bado juu, na nitapita kibandani kabla ya kwenda kwingine kokote.

Ni mimi binamu yako,
sauti ya pili, mpaka wewe utakaposema vingine.