MJANE ASIYETAJWA JINA

Kikao cha Halmashauri ya Walei, Kigango cha Mtakatifu Ana, Mbuba, kilichofanyika kanisani Jumapili tarehe 4 Machi 1979, baada ya ibada.

WALIOHUDHURIA
Ndugu Leonidas – Mwenyekiti
Ndugu Pancras – Katekista
Mama Koleta – Mwongoza sala wa jumuiya
Mama Febronia – Mjumbe
Scholastika – Katibu
Mgeni: Ndugu Methusela, mtafiti wa elimu ya jamii kutoka Chuo Kikuu

ASIYEHUDHURIA
Ndugu Bigirimana – yuko Kabanga, bila taarifa, kama tulivyomzoea.

KUMB. NA. 1/79: TAARIFA YA MTAFITI
Ndugu Methusela alieleza kwamba amemaliza kuchunguza jinsi waumini wanavyosali tangu vijana waende vitani. Alisisitiza kwamba hakutaja jina la mtu. Kisha akasoma: "Mjane mmoja, mwongoza sala, mwenye mtoto wa pekee vitani, baada ya ibada humimina pombe ya ndizi kwenye kijumba cha mizimu." Wajumbe wote walimgeukia Mama Koleta. Mgeni alishangaa. Iandikwe kwamba mjane wa namna hiyo hapa kwetu ni mmoja tu, na hata mbuzi wanamfahamu.

KUMB. NA. 2/79: HOJA YA KATEKISTA
Ndugu Pancras, ambaye mwanawe Ildefonce naye yuko vitani, alitaka Mama Koleta avuliwe uongozi na asipokee Komunyo hadi Pasaka. Mama Koleta alisema uongozi wauchukue, lakini Komunyo ndiyo inayomsimamisha tangu Novatus wake aondoke. Alilia. Ndugu Methusela aliomba radhi, akasema mama huyu alimwamini.

Mwenyekiti aliuliza kijumba kiko wapi, kwa kuwa tangu tuhamie kijijini hakuna aliyejenga. Mama Koleta alijibu kwamba vijumba viko kule kwenye mahame yetu, tulikohama, kila ukoo na chake. Ndugu Pancras alisema kule hakuendeki tena, njia imeota nyasi.

Mama Koleta alijibu: "Mwalimu, nenda ukaitazame njia ile. Nyeupe kwa kukanyagwa, mpaka mlangoni. Mimi nina miguu miwili tu."

Mwenyekiti aliuliza nani anaunga mkono hoja. Mama Febronia alitazama sakafu. Katibu alikuwa anaandika. Hoja haikuungwa mkono, na Ndugu Pancras hakuirudia.

Iliazimiwa kwamba Ndugu Methusela afute "mjane mmoja" na aandike "wazazi".

KUMB. NA. 3/79: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa nane mchana. Ndugu Pancras, ambaye siku zote hufunga yeye, alimwomba Mama Koleta aongoze sala, na aanze na jina la Ildefonce.

Leonidas ........................ Mwenyekiti
Scholastika ........................ Katibu