Safu Zimegeuzwa

Waithaka, Jumapili

Mwanangu Mwanaidi,

Natumaini joto la Doha limepungua. Huku ni mvua, na sukuma wiki nyuma ya nyumba imestawi.

Msikiti wetu umerekebishwa kibla. Walipopima upya waligundua tulikuwa tukielekea mashariki mno, basi zulia limetandikwa upya na safu sasa zinakata chumba mshazari. Wazee walinung'unika, lakini wamegeuka.

Nilimngoja imamu nje nikamuuliza, "Na marehemu mume wangu, aliyeswali upande ule mpaka mwisho?"

Akasema, "Mama Mwanaidi, alielekea alikojua. Mungu hatazipoteza swala zake."

Nilishukuru. Nyumbani niligeuza mswala wangu. Wa baba yako ulikuwa mbele ya wangu, kama alipokuwa akiniongoza. Sikukuambia kwamba tangu tumzike nautandika kila alfajiri. Niliushika niugeuze, mikono ikakataa, nikakaa chini nikalia. Kisha niliukunja, nikauweka kabatini, nikaswali.

Chumba kilikuwa kipana sana, mwanangu. Ukipata likizo, njoo.

Ni mimi mama yako,
Nasimiyu