Wembe Uchemke Rozari Nzima

Ifakara, zahanati ya misheni

Dada yangu Apolonia,

Shikamoo, na tumsifu Yesu Kristu. Najua huko uliko umeshaitika. Goti lako linaendeleaje? Na binti yangu Magdalena, tumbo limeshuka? Mimi mzima, ila mto umekula barabara na pantoni imefungwa. Mitumbwi inavuka, nami ningepanda hata leo, lakini mwenzangu wa kuchemsha sindano amelazwa na homa. Sista kaniambia, "Kaspari, ukienda wewe, nani atakaa kwenye sufuria?" Basi nimekaa. Mbele mto, nyuma sufuria.

Nikuungamie jambo. Saa yetu imekufa, hivyo tunapima muda kwa rozari: maji yakishatokota nasali makumi matano, ndipo naopoa sindano kwa koleo. Juzi nilikuwa nawaza habari za Magdalena, nikazikimbiza Salamu Maria kama mtu anayenyeshewa. Kumbe Sista yupo mlangoni. "Rozari gani hiyo, baba? Hata yai halijaiva!" Wagonjwa kwenye benchi wakacheka. Akazirudisha sindano zote majini, nikaanza upya. Niliona aibu, dada, lakini zaidi niliogopa. Nilimkumbuka mtoto wa kwanza wa Magdalena, alivyokaza taya siku ya saba, hata ziwa likamshinda, tukamzika.

Sikulaumu. Umepokea watoto wa kijiji kizima, na ule mwanzi wa kukatia kitovu niliuchonga mimi mwenyewe. Hatukujua kuwa ugonjwa ule uliingilia kitovuni. Sasa najua, na siwezi kuja.

Ndani ya barua nimefunga wembe mpya na uzi. Viweke kwenye sufuria safi, maji yavifunike. Usianze kusali mpaka yatokote. Kisha rozari nzima, polepole, kama unavyosali matangani. Mwaga maji, viache vipoe humo humo. Usivifute kwa kanga, hata iwe imefuliwa leo. Nawa kwa sabuni hadi viwikoni. Na majivu, dada, yabaki jikoni, yasiguse kitovu. Ukisema, "Huyu mdogo wangu ameanza kunifundisha kazi," sema, lakini chemsha.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wangu, na mke wangu; yeye ashike rozari pamoja nawe, asikuharakishe.

Uchungu ukianza hamtaweza kunipasha habari. Basi kila ninapowasha moto hapa nitasali taratibu, maana huenda saa hiyo na wewe umeshainjika sufuria.

Ni mimi mdogo wako,
Kaspari