Siri Yako Nimeisema Mtumba

Mama Neema, jirani yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako imenishinda kuiuliza, kwa hiyo nakupa yangu: mimi mzima, magoti yananisumbua kama kawaida, na duka bado liko wazi. Mkonze tumepata mvua mwaka huu, uwele umesimama vizuri hadi kule nyuma ya kanisa lenu. Nina jambo la kukuomba msamaha, lakini wewe hukupenda mtu anayeanza na kilio, basi naanza na habari.

Kiti chako cha mwenyekiti wa wenye maduka wamenipa mimi. Nilikataa mara mbili. Walisema mtu aliyebishana nawe miaka yote hiyo kutoka upande wa pili wa barabara ndiye anayejua ulichokuwa unakisema. Kweli nilikijua. Ulisema sigara ndiyo inayomleta mtu dukani. Akija kwa sigara anaondoka na sukari na sabuni. Ulisema hizo kanuni mpya zinazoandaliwa, za kukataza kuuza sigara moja moja na kumbana anayemuuzia mtoto, zikipita zilivyo zitatufunga sisi wa maduka ya vidirisha, si wenye maduka makubwa. Ulitaka twende Mtumba, kwenye ofisi za serikali, tukazipinge zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Ukatutoka kabla hatujaitwa.

Wiki chache baada ya kukuzika, wakaguzi walipita mtaani wakatuonya kwamba la mtoto halingoji kanuni mpya, sheria ya zamani inalikataza: mwenye duka atakayempa mtoto sigara atachukuliwa hatua. Kesho yake asubuhi akaja mjukuu wa Mzee Ndahani, yule wa darasa la tatu, na maneno yake ya kila siku: babu kasema sigara mbili. Unajua kwetu mtoto akitumwa na mkubwa amekuja na heshima ya aliyemtuma. Mimi kwa haraka yangu nikamjibu, "Kamwambie babu yako aje mwenyewe."

Ungekuwepo ungenipiga na ufagio. Kumtumia mzee amri kwa mdomo wa mtoto! Mzee Ndahani hakuja. Alihamishia manunuzi yake yote duka la barabara kuu, na mzee yule akihama kijiwe watu wanahama naye. Wiki tatu nilikaa dirishani nikifukuza nzi. Nilianza kuhesabu miezi ambayo ningeweza kuvumilia kabla ya kufunga na kurudi Kondoa. Siku moja nilikuchukia kwa kufa, Mama Neema. Nasema kweli.

Mwishowe nilijifunga khanga nikaenda kwake. Nilipiga goti nikamwamkia. Sikuomba msamaha kwa kukataa, niliomba kwa namna nilivyokataa. Akasema, "Kumbe ni sheria? Mimi nilidhani ni wewe umeota mapembe." Hakuwa amesikia lolote. Wakaguzi waliwaambia wanaouza. Wanaotuma hakuna aliyewaambia.

Hapo ndipo nilipopata cha kusema Mtumba. Na hapo ndipo nilipoanza kutofautiana na wewe, wakati huwezi kunijibu, jambo ambalo si haki.

Kijana wa gari la kampuni ya sigara alituletea hotuba iliyochapwa tayari, akasema na usafiri upo. Nikamwambia mwenyekiti aliyenitangulia hakuwahi kuandikiwa maneno na mtu. Tukajilipia nauli, watu watano, Neema akiwemo, maana duka lako sasa analiendesha yeye. Huko tulipewa maji ya chupa na tukaitwa wadau. Ungecheka hadi ukae chini.

Zamu yangu ilipofika nilianza na yako, kwa uaminifu. Nilisema mteja wetu ana hela ya sigara moja, ya pakiti hana. Mkikataza ghafla ataifuata kwa mchuuzi asiye na mlango, na sisi wenye milango ndio tutakaogongewa na wakaguzi. Tupeni muda. Kisha nikaomba tangazo la serikali, lenye mhuri, kwa Kiswahili cha kawaida, tulibandike dirishani na lisomwe kwenye mikutano ya mitaa, ili mzee akikataliwa ajue aliyemkataa si mimi Mama Salimu, ni sheria. Wakaandika.

Nikakaa. Akasimama baba mmoja mwenye duka, wa upande mwingine wa mji, akasema kumtuma mtoto ni malezi yetu, na mtoto hadhuriki kwa kubeba tu. Akapigiwa makofi.

Mimi nikakuona wewe akilini, nyuma ya stoo yako, na karafuu mdomoni ya kuua harufu ya moshi. Siku uliyonisimulia ulivyoanza ulikuwa unacheka. Uko Kongwa, una miaka minane, baba yako anakutuma sigara moja na anataka ifike imeshawashwa, kwa kuwa nyumbani hakuna kiberiti. Njia ni ndefu na upepo wa kule haumwonei mtu huruma, basi ukawa unaivuta kidogo kidogo isizime. Ulivuta tangu siku hiyo hadi uzee, mume hajui, kanisa halijui, mimi tu. Hata kifua kilipokubana uliniapisha nisimwambie daktari. Na mimi, mjinga, nikatii.

Nilisimama tena bila kuruhusiwa. Nikasema namjua mtoto aliyedhurika kwa kubeba. Nikaeleza njia, nikaeleza upepo. Jina lako sikulitaja, lakini nilipofika kwenye kifua sauti ilikatika, na wenzetu wa Mkonze wakainamisha vichwa. Nilikuvua nguo mbele za watu, Mama Neema. Hilo ndilo la msamaha.

Nje Neema alinifuata. Nilijiandaa kutukanwa. Akasema taratibu, "Mama Salimu, mimi nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa namwashia jikoni."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema darasa la nne. Tulikaa kwenye ukingo wa bustani ya serikali tukalia hadi mlinzi akaja kutuuliza tunatafuta ofisi gani. Alipokwisha kujifuta machozi Neema aliniambia ameacha tangu arobaini yako. Sikujua hata kama alikuwa anavuta. Duka lake liko hatua ishirini kutoka langu.

Tangazo lilikuja, Mama Neema. Ni dogo, lakini mhuri unaonekana, na mwenyekiti wa mtaa alilisoma mkutanoni mara mbili. Mzee Ndahani siku hizi anakuja mwenyewe na fimbo yake. Zamani alituma mara nne kwa siku, sasa anakuja mara moja, na anasisitiza kwamba si kwa ajili ya sheria, ni kwa ajili ya kile kilima cha njiani kinachomchosha. Sukari yake imerudi pamoja naye, na wengine wanarudi mmoja mmoja. Sikudanganyi, sigara zimepungua na pengo lake naliona. Lakini Neema ameweka jiko mbele ya duka anakaanga karanga, na jioni watu wanasimama pale wakipiga soga na kununua hili na lile. Nimeanza kumwiga.

Sasa pumzika, jirani yangu. La sigara moja moja halijajibiwa, na mwezi ujao tumeitwa tena Mtumba. Nitakwenda. Ila nakuahidi kwamba safari hii atasema Neema, kwa jina lake, na akitaka, kwa jina lako. Mimi nitakaa nyuma, ninyamaze kimya mpaka amalize. Wewe unanijua, kwa hiyo unajua ahadi hiyo ni nzito kiasi gani.

Ni mimi, wa ng'ambo ya barabara,
Mama Salimu