Mshenga wa Tromsø na Faro

Mount Druitt, Sydney

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Anjela ameniambia umeanza tena kushuka bondeni kuchimba viazi peke yako. Mama, vijana wa kuchimba wapo, waite. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku sasa imenikumbusha Makambako.

Hilo ulilolisikia ni kweli: mwanao amekuwa mshenga, tena wa Wazungu.

Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi yuko Mzee Olav, mgane, mtu wa Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwe. Mlango wa pili yuko Bibi Lurdes, mjane, wa Faro, kusini kabisa mwa Ureno. Siku moja namkata mzee kucha, akaninong'oneza, "Neema, kaniulizie kwa Lurdes kama atanikubali. Nikienda mwenyewe nitababaika."

Nikaenda. Bibi alicheka mpaka meno ya bandia yakahama, kisha akakaza uso. "Nimekubali. Lakini harusi ni Faro, kanisani kwetu."

Mzee kusikia hivyo akaja juu. "Faro! Ndugu zangu wataungua na jua! Harusi ni Tromsø."

"Huko ambako jua halichomozi?" bibi akapaza sauti toka chumbani kwake. "Niolewe gizani, nimeiba?"

Wakanuniana. Kila mtu na meza yake, hata chumvi naipeleka mimi. Mwanzoni nilicheka, lakini bibi alipoanza kurudisha chakula nikaingiwa na hofu. Nikawakalisha pamoja, nikatafuta kwenye simu.

"Kati ya miji yenu ni karibu kilomita elfu nne," nikasema. "Ndege ikinyoosha ni mwendo wa kama saa tano. Ila ya moja kwa moja siioni. Mtabadilisha ndege njiani, na siku itaisha."

"Saa tano si kitu," mzee akasema. "Tufunge mbili. Asubuhi kwake, jioni kwangu."

"Na toka hapa hadi Ulaya?" bibi akauliza.

"Usiku na mchana, na zaidi."

Mama, mzee huyu akienda bafuni hupumzika njiani.

Bibi akamshika mkono. "Padri huja hapa Jumapili."

"Jumapili ipi?"

"Hii hii, kabla mmoja wetu hajafa."

Kumbe serikali ya huku inataka taarifa mwezi mzima kabla ya ndoa. Mzee alikasirika: "Hawajaona nilizaliwa lini?" Lakini mwezi ukapita, wote wazima, wakafunga ndoa ukumbi wa chakula. Nilipika pilau. Bwana harusi aliomba ukoko, akasinzia kabla ya keki.

Nisalimie Anjela na watoto wake, baba mdogo, na shangazi mwenye cherehani. Mwambie gauni alilonishonea ndilo nililovaa.

Najua utakalouliza sasa. Bado, mama. Wanaonitaka huku wote wanatembelea fimbo.

Ni mimi mwanao,
Neema