Frakcha ya Mwanaidi

Jumapili, Kinole

Frakcha. Neno hilo halinitoki kichwani tangu daktari wa mjini alitaje juu ya mguu wa Mwanaidi wangu, aliyeteleza akilima shamba la kijiji. Nesi akanieleza, "Maana yake kuvunjika, mama. Wazungu wenyewe wamelitoa kwa Warumi wa zamani."

"Sasa si angesema kuvunjika?"

Akacheka.

Niliporudi kijijini, nikimwacha Mwanaidi wodini na baba yake, fundi wetu wa kuunga mifupa akamvunja kuku mguu, akamfunga vijiti. Kuku akitembea, na mgonjwa atatembea.

Leo kuku katembea mpaka kwenye mchicha wangu. Nikapiga vigelegele peke yangu.

Alasiri baba Mwanaidi akarudi kutoka hospitali. Mguu umeoza, kesho wanaukata.

Kuku yuko uani, anadonoa. Nimchinje? Mkono hauendi.